Chetezo cha Bi Zuleha

Pongwe, Tanga
12 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Goti lako nalo nalipa shikamoo yake, maana nasikia siku hizi ndilo lenye nyumba hapo kwako: likisema leo hatutoki, hamtoki.

Sisi huku tunavuta siku. Mathew yuko njiani na lori. Akirudi analala, akiamka anaondoka, na ndoa yetu inaendeshwa na ratiba ya mizigo. Binti yetu Queen amemaliza darasa la saba, anasubiri majibu huku akinimalizia sukari. Dada Loveness amenipa ujumbe wako kwamba nisimtumie tena meseji za kukusomea, kwa sababu akipaza sauti mpaka wewe baba yake usikie, kijiji chote cha Amani kinakuwa kimeshajua mambo ya kiwanda chetu cha mbao. Haya, mjomba. Mashine ya randa imeshakula masikio yako, basi tutaandikiana. Nimeandika herufi kubwa ili usije ukasingizia macho. Barua nampa Ayubu wa basi la Amani. Akiisahau kwenye gari, ugomvi wako uwe naye.

Sasa lililonikalisha chini. Jumamosi iliyopita nilifungua kiwanda nikakuta harufu ya kuungua. Moshi hakuna, moto hauonekani. Nilizunguka nikinusa kila pembe mpaka nikaligusa gunia la unga wa mbao lililosimama nyuma ya mashine ya msasa, nikakuta lina joto kama mtoto mwenye malaria. Sele, fundi wetu wa mashine hiyo, alitaka kulitupa begani alitoe nje. Nikamzuia. Tulilimwagia maji pale pale, taratibu, na tulipolipasua ndani lilikuwa jekundu. Lilikuwa linaungua kimya kimya tangu jana yake, na jana yake, unajua mwenyewe, ilikuwa Ijumaa.

Usifikiri namshtaki mtu. Nataka tu ujue yanavyokwenda sasa, kwa kuwa uliponiachia kiwanda hayakuwa hivi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, vijana wanapanda kwenye kenchi za paa na kukung'uta vumbi la wiki nzima. Pasipofikika kwa ufagio wanapapuliza kwa kompresa, ili ubani ukute mahali pasafi. Vumbi linashuka kama ukungu wa huko kwenu, mtu humwoni aliye mbele yako. Halafu Bi Zuleha anaingia na chetezo, makaa yanawaka, anazunguka mashine moja moja kama alivyozunguka marehemu mumewe, mzee Hatibu, tangu siku mlipokianzisha kiwanda hiki nyinyi wawili. Tunasafisha ili tuubarikie moto njia. Nimeliona hilo kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama na ndoo tupu mkononi.

Zamani zenu mlikuwa na maranda, vipande vizito, vinaanguka chini vinakaa. Siku hizi tunapiga msasa mtiki kwa mashine, na unga wake ni laini kuliko sembe. Amirali, yule mwenye duka la viungo mjini tunayemtengenezea makabati, aliniambia baba yake alikuwa na kinu cha kusaga, na siku moja unga ulishika moto hewani ukawarushia mlango wa chuma barabarani. Alisema rundo la chini linakupa nafasi ya kukimbia, ila vumbi linaloelea halikupi.

Naomba umwandikie Bi Zuleha kwamba chetezo kisiingie tena ndani. Mimi nikisema nitakuwa mtoto anayemfukuza mjane kwenye mali ya mumewe. Wewe ndiye uliyebaki wa kumwambia. Nimechoka, mjomba, mgongo unauma, oda hazikamiliki, na sasa kila Alhamisi usingizi haunijii.

Mpwa wako,
Yudith


Amani
9 Desemba 2023

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Bwana asifiwe. Goti limepokea salamu zako na halikufurahi.

Barua yako ilichelewa. Mvua imekata barabara, Ayubu akakaa Muheza siku kadhaa, akaniletea bahasha imelowa pembeni. Sikumgombeza kwa kuwa hata akijitetea simsikii. Hongera kwa Queen, Loveness amenionyesha kwenye simu kwamba amefaulu. Nimempelekea pakiti ya iliki, na yako imo humo humo. Iliki mwaka huu imezaa, lakini ngedere nao wamezaa, kwa hiyo tunagawana. Kanisani ninakwenda bado. Kwaya inaimba, mimi natazama midomo, nafahamu wimbo ni upi, najiunga. Loveness ananibana ubavu nikiwa nimewatangulia.

Ulilofanya kwa lile gunia ni sawa kabisa. Magunia yasilale ndani. Yatoke nje kila jioni, mbali na ukuta, mbali na jiko la chai. Na jiko lenyewe la chai, kama bado liko pale pembeni kwa Sele, litoe leo. Fagieni kwa maji. Lowesheni sakafu kwanza, vumbi lisipate kuinuka. Kenchi zifutwe kwa kitambaa kibichi, na kompresa waambie ni ya kupakia rangi tu.

Hilo lingine nimelisoma.

Hatibu alianza kuzungusha ubani kabla hatujaezeka bati hata moja. Mchungaji mmoja aliwahi kuniuliza mimi Mlutheri napata nini kwenye ule ubani wa Ijumaa. Nikamjibu kwamba nanusa. Miaka yote hiyo hatukuungua. Fanya haya niliyokuandikia, utaona yanatosha. Bi Zuleha msalimie sana.

Mjomba wako,
Wilfred


Pongwe
21 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, ingawa huku hauna upya wowote. Iliki tumeipata. Queen ametia kwenye chai, kwenye uji, kwenye maharage, mpaka nimeificha. Mathew aliumwa homa akapona. Joto limekuwa kali, mbao zinakauka zikipiga kelele kama zinagombana.

Nimefanya ulivyoagiza. Jiko la chai liko nje chini ya kibanda. Magunia yanatoka kila jioni, wafuga kuku wanakuja kuyachukua. Sakafu tunalowesha. Kenchi ndizo zimenishinda. Nikiwepo wanafuta kwa kitambaa kibichi huku wamenuna, maana kazi inachukua asubuhi nzima. Nikienda mjini wanapuliza kwa kompresa, narudi nakuta kope zao nyeupe na wote wananiambia wamefuta. Sele ni fundi mzuri lakini kwa uongo hana kipaji.

Nimejaribu pia kuzungumza na Bi Zuleha mwenyewe. Usinigombeze. Nilimfuata nyumbani kwake hapo nyuma ya kiwanda, nikamkuta anachambua mchele. Nikazunguka weee, nikasifia mchele, nikasifia kanga, mwisho nikasema. Aliendelea kuchambua. Akaniambia:

"Mwanangu, wanambia moto? Moto huo Hatibu kauingiza humo tangu wewe hujaota meno. Wataka kunambia Hatibu alikuwa hajui kitu?"

Nikamwambia sivyo, vumbi la sasa si lile. Akasema, "Vumbi ni vumbi." Kisha akanitazama kwa yale macho yake ya ualimu, unayakumbuka, aliyofundishia watoto wa shule kule Moa mpaka akastaafu, akaniuliza: "Mjomba wako kasema?"

Nikamwambia bado, mjomba.

Akasema, "Basi. Akisema yeye, nitasikia. Wewe mie sikusikii."

Ndiyo hali. Anangoja neno lako tu. Na nakuomba lije mapema, kwa sababu Ramadhani inaingia Machi, na Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi unajua wanavyofanya: kiwanda kinakung'utwa kuanzia bati mpaka sakafu, hata nyuma ya mota, pasafike kwa ajili ya mwezi mtukufu. Vumbi la mwaka mzima litakuwa hewani siku hiyo. Ninaiogopa siku hiyo. Nimekwambia wazi ili usiseme sikukwambia.

Mpwa wako,
Yudith


Amani
18 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko. Loveness amenunua mbuzi na mbuzi amekula daftari za wanafunzi wake zilizosubiri kusahihishwa. Goti limevimba, nimekwenda nalo hospitali, wamenipa dawa ya kupaka inayonuka kuliko goti lenyewe.

Barua yako ninayo mezani. Nimekaa na kalamu asubuhi hii, na jana pia nilikaa. Siwezi kumwandikia yule mama jambo hilo. Usiniulize sababu, hazikuhusu.

Mpe shughuli Ijumaa hiyo. Mpeleke mjini akanunue tende. Mwache afunge mwezi wake kwa raha. Baada ya Idi nitajua la kufanya.

Wilfred


Pongwe
14 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kukaa kimya. Idi imepita salama, Bi Zuleha ametupikia pilau. Mathew yupo, ameomba ruhusa kazini. Queen hajambo, ameanza sekondari na sare yake ni kubwa kama hema.

Utaona mwandiko si wangu. Nimeumia kidogo mikononi, nimeomba mtu anisaidie kuandika. Usiwe na wasiwasi, ni jambo la kupita. Kiwandani kulitokea hitilafu ya swichi, ile ya zamani karibu na mlango, ikatoa cheche. Paa limeharibika upande mmoja, na mashine ya msasa. Sele naye aliumia kidogo, anaendelea vizuri. Zimamoto walifika. Tumefunga kwa sasa, tunajipanga. Nilimwomba Loveness asikwambie mpaka nikuandikie mwenyewe, kwa hiyo usimkasirikie.

Goti linaendeleaje? Mbuzi je?

Nakusalimu sana. Usije, barabara ni mbaya.

Mpwa wako,
Yudith

Shemeji Wilfred,

Hapo Yudith amechoka, amegeukia ukutani, amesema nimalizie kwa salamu na nibandike bahasha. Mimi ndiye ninayeandika. Zuleha.

Hakuna swichi. Nimeandika swichi kwa kuwa ameniambia niandike. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Yudith alitaka kunipeleka mjini kununua tende, nikamwambia tende ninazo. Akaenda peke yake kwa Amirali, akaacha amesema kenchi zisiguswe mpaka arudi. Alipotoka tu vijana walipanda, wakakung'uta, wakapuliza kwa kompresa, kwa furaha, shemeji, wanasema mwezi ukute pasafi. Mimi siku zote nangoja vumbi litue. Siku hiyo nilitaka kuwahi, nyumbani nina mambo ya kuandaa. Nikaingia halijatua.

Yudith alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda. Alinikimbilia, alikamata chetezo kwa mikono mitupu, akanisukuma kwa bega mpaka nje, yeye bado yumo ndani. Alipokuwa anageuka nacho kukitoa, hewa yote ikawaka. Haikuwaka mahali. Iliwaka kote kwa mara moja, na bati zikaruka. Mimi nimeungua pindo la kanga tu. Yeye ni mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Sele ni uso na nyusi, anaona, alhamdulillahi.

Nakuja kila siku kumlisha. Anafungua mdomo, nampa uji, na hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Ameniambia alikuandikia juu ya jambo hili, uniandikie mimi. Nimengoja neno lako, sikulipata. Nataka kujua, shemeji. Barua zake ulizipata?

Zuleha


Amani
28 Aprili 2024

Mwanangu Yudith, na wewe shemeji Zuleha,

Naandika kwenu wote kwa kuwa najua mwenye mikono mizima ndiye atakayefungua.

Nilijua kuna jambo. Tangu Machi Loveness ananiletea chai yenye sukari ya kutosha na hanigombezi nikimwaga. Mtu akikupenda ghafla hivyo, ujue ameficha kitu. Nilimwuliza, akaniambia ni uzee tu. Barua ilipofika niliona mwandiko, nikaujua kabla sijafika kwenye jina, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiandika majina ya wateja kwenye milango yetu kwa chaki. Nimeisoma mara nyingi. Loveness alilia, mimi niliona midomo tu.

Shemeji, nimezipata. Zote nimezipata. Ya kwanza ilifika imelowa, ya pili ilifika kavu, na zote mbili nilizielewa vizuri.

Nitakwambia kwa nini sikukuandikia. Siku ulipotoka eda nilikuja na Loveness, nikasimama mbele ya watu nikakwambia mlango wa kiwanda ni wako kama ulivyokuwa wa Hatibu, na hakuna atakayekuuliza unaingia na nini. Uliniitikia kwa kichwa. Tangu hapo kila nikishika kalamu kukwambia usiingie na ubani, namwona Hatibu amekaa pale kwenye benchi lake anakoroga gundi, ananitazama. Nikaona heri niseme kesho. Mwanangu Yudith alinieleza kila kitu, mpaka siku yenyewe alinitajia, nami nikamjibu habari za mbuzi. Naona aibu. Sina neno jingine la kuweka hapo.

Sasa sikiliza, shemeji. Chetezo kisiingie tena kiwandani. Si Ijumaa, si Idi, si siku ya kuwasha mashine mpya, hata vumbi likiwa limetua. Ninakufungia mlango huo mimi Wilfred, siyo Yudith. Nilikufungulia mimi, ninakufungia mimi. Ukitaka kulaumu, nilaumu mimi, sema kwa sauti yote uliyonayo, mimi sisikii. Mtoto usimguse.

Yudith, usiwashe mashine hata moja mpaka kenchi zimefutwa kwa maji zote, na upigilie dari ya mbao juu ya mashine ya msasa ili vumbi lisipate pa kukaa. Kila jioni fagieni, msingoje Ijumaa. Huko kungoja Ijumaa ndiko kulikoliweka vumbi juu. Atakayegusa kompresa kwa kusafisha, aende nyumbani kwake, hata akiwa Sele.

Ningekuja. Nilivaa viatu asubuhi ile ile. Goti lilinifikisha kwenye geti.

Nimekuombea mikono, mwanangu. Sijui niombe vipi zaidi.

Wilfred


Pongwe
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Herufi zinapanda na kushuka, nisamehe, lakini ni zangu. Bandeji zilitoka mwezi uliopita. Ngozi ni mpya, inavuta, vidole vya kushoto havikunji vizuri bado. Nyundo sijaweza kushika. Kalamu ndiyo hii.

Mathew amerudi njiani. Alikaa nyumbani mpaka tukachokana, nikamwambia lori linakuita. Queen amekuwa wa pili darasani, anataka sasa iliki yote iwe yake. Mbuzi mpe pole, nasikia umemuuza.

Nikwambie habari ya barua yako. Bi Zuleha aliifungua pale kitandani kwangu na kuanza kunisomea kwa sauti. Alisoma mambo ya chai, akacheka. Alisoma kwamba umezipata zote, akaurudia mstari huo, halafu akaendelea. Alipofika kwenye mzee Hatibu na gundi, akaacha kunisomea. Akasoma yaliyobaki kwa macho tu, akaikunja, akaiweka juu ya mto wangu, akanilisha uji uliobaki, akaondoka. Nilimwita Queen anisomee mwisho wake. Nililia, mjomba. Si kwa sababu ulikawia. Nililia kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu Novemba sikuwa mimi ninayeshikilia mlango ule peke yangu.

Hakuja tena. Chakula alileta kwa mkono wa Queen, kila siku, kimefunikwa kwa kawa. Mwenyewe hakuja. Nilipoweza kutembea nilimfuata, nikaambiwa amelala, na ndani nasikia anachambua mchele.

Kiwanda tulikifungua Juni, nusu. Paa tumeezeka, dari tumepigilia kama ulivyosema. Kenchi tulizifuta kwa maji siku nyingi, tope la vumbi lililotoka hutaamini. Kila jioni mashine zinazimwa mapema, tunalowesha, tunafagia, tunatoa magunia, na kila jioni kuna anayelalamika. Mafundi wawili wameacha kazi, wanasema kwangu kufagia kumekuwa kazi na useremala umekuwa mapumziko. Sele amebaki. Uso wake una rangi mbili na nyusi zimeota zimeelekea pande tofauti. Kompresa ameifungia mnyororo yeye mwenyewe, ufunguo anatembea nao. Amirali anatutafutia mashine ya kufyonza vumbi. Haijapatikana. Kwa hiyo bado naogopa, sitakudanganya tena kwa mambo ya swichi.

Lakini Ijumaa zilikuwa ngumu. Vijana walikuwa wanafika, wanasimama mlangoni, hawaingii. Wanatazama kule nyuma, kwenye nyumba ya Bi Zuleha, halafu wananitazama mimi, halafu wanaingia kama watu walioingia nyumba ya mtu bila hodi. Ijumaa moja Sele aliniambia, "Dada, pananuka mbao tu." Nikamwambia ni kiwanda cha mbao. Hakuridhika, na mimi sikuridhika.

Juzi Ijumaa nilikuwa nimefungua, nimezima swichi kuu kama kawaida mpaka tukague, nikaona vijana wamejipanga pembeni wanapisha. Bi Zuleha anakuja. Amevaa kanga ile ile, ile yenye pindo lililoungua, ameikunja upande ule usionekane. Mkononi ana kitu kinachong'aa. Nikasema Mungu wangu, mjomba, amekuja na chetezo. Miguu yangu ilikuwa imeshatangulia kumzuia.

Ulikuwa mrashi. Ule wake wa shaba wenye shingo ndefu, aliorashia watu siku ya harusi yangu. Aliusafisha kwa ndimu, nadhani, maana haukuwa unang'aa hivyo. Alisimama kwenye kizingiti, akapiga hodi. Bi Zuleha, mjomba, kwenye kiwanda cha Hatibu, alipiga hodi na akangoja.

Nikamkaribisha. Akaingia, akaanza kwenye mashine ya randa, akarashia sakafu mbele yake matone machache, akaenda kwenye msumeno, akaenda kwenye msasa mpya, midomo inakwenda kwa dua zake, vijana wanamfuata nyuma kama zamani. Kwenye benchi la mzee Hatibu alikaa kidogo. Halafu aliutikisa mrashi, akaona marashi yamekwisha na kiwanda bado kirefu. Akamgeukia Sele kwa sauti ya darasani:

"Wewe wasimama nini? Leta debe la maji umalizie. Na ufagie lingali bichi."

Sele alileta debe. Walifagia wote, na vumbi halikuinuka. Kiwanda kilinukia waridi na mtiki uliolowa, na mimi nilikaa chini pale pale sakafuni.

Akaja akasimama mbele yangu. Alichukua mikono yangu, akaigeuza, akaitazama ngozi kwa muda. Yale matone ya mwisho yaliyokuwa yamebaki kwenye shingo ya mrashi akaniwekea viganjani, akanifungia vidole taratibu, hata vile visivyokunjika. Kisha akaniambia:

"Ukipata nguvu ya kushika kalamu, mwandikie mjomba wako. Mwambie nimemsikia."

Ndiyo nimekuandikia.

Mpwa wako,
Yudith